Maji ya Bi Somoe

Tangu asubuhi Tunu alikuwa mbele ya kompyuta ya sheli yake ya mafuta, akijaza taarifa ya mazingira kwenye tovuti ya mamlaka. Mtandao ulikatika mara kwa mara, na kila ulipokatika alianza upya. Sasa lilibaki swali moja tu: je, tangi la chini ya ardhi linavuja?

"Bonyeza hapana, Mama Salha," alisema mumewe, Mbwana, aliyesimama mlangoni. "Ukibonyeza ndiyo, wanatufungia leo leo. Hawa vijana wa pampu watakula nini?"

 Macho yalimuuma Tunu. Mchana ule jirani yao, Bi Somoe, alikuwa amekuja na ndoo ya maji ya kisima chake, akaitua sakafuni bila ugomvi. "Nusa mwenyewe, mwanangu," alisema, akaenda zake. Ndoo ilikuwa bado pale, na juu ya maji yake umetanda utando wa mafuta.

"Baba Salha, nimechoka."

"Basi maliza, tukapumzike."

Akabonyeza ndiyo. Ukurasa ulikawia, kisha yakatokea maandishi mekundu: kituo kisiuze mafuta hadi mkaguzi afike. Mbwana aliyasoma, akashusha pumzi, akachukua mnyororo na kutoka.

Kupitia dirisha Tunu alimwona akiufunga mnyororo langoni. Nje gari lilikuwa limeshasimama, na dereva alipiga honi huku akipunga mkono afunguliwe.