Fuko Aliyeitikia Kila Hodi

Wanyama walikubaliana kuweka mbegu zao katika mashimo matatu, la Panya, la Nungunungu na la Fuko, kila mbegu mbali na pacha wake, yaani mbegu ya pili ya aina ileile, ili shimo moja likibomoka jingine liokoe. Mgawaji alikuwa Kuchakulo. Akipiga hodi kwa Panya, hujibiwa, "Kumejaa!" Nungunungu hujifanya amelala. Fuko peke yake ndiye aliyeitikia, "Karibu." Mbegu na mapacha wao wote wakaishia kwake.

"Dari inapasuka," Fuko akalia.

"Vumilia, mwenzangu," akasema Kuchakulo. "Wewe una moyo."

Mvua ikanyesha, dari ikaporomoka, mbegu zote zikaoza. Fuko akachomolewa kwenye kifusi, kikao kikaitwa kutafuta chanzo. Panya, ambaye shimo lake lilikuwa tupu tangu alichimbe, akainuka wa kwanza: "Fuko ana choyo! Alitaka zote ziwe kwake."

Fuko akafungua kinywa ajitetee. Kilikuwa kimejaa matope.