Mvua ya Bwana Seshagiri

"Anua pilipili zote, mama Lalita. Na yale maembe ya achari. Fanya haraka, muda hautoshi."

Vasundhara alisimama palepale kwenye kona, kikombe cha kahawa mkononi. Aliyekuwa akinong'ona kwenye simu, kampa mgongo, alikuwa Seshagiri, mkuu wa hali ya hewa. Muda mfupi tu uliopita mtu huyohuyo alikuwa ameinuka mbele ya wakubwa wote akasema bila kupepesa jicho: "Mbingu safi. Hakuna mvua, hakuna radi. Rusheni."

Kwa hiyo roketi ya taifa iruke, ila pilipili za mkewe ziingie ndani!

Siku hiyo neno la mwisho lilikuwa la Vasundhara. Alikuwa ameletwa kutoka makao makuu, huko bara, majuzi tu, na katika kisiwa hiki cha kurushia roketi hakujua mahali ila chumba chake cha wageni na ukumbi wa kuongozea roketi. Roketi ilibeba chombo cha kwenda Zuhura. Kisiporuka kabla ya adhuhuri, sayari zingeachana, na nafasi nyingine ingekuja baada ya mwaka mmoja na nusu. Kikiruka kikakutana na radi, nafasi nyingine isingekuwepo kabisa. Humo ukumbini walikuwamo watu walioanza kukijenga nywele zao zikiwa bado nyeusi.

Alirudi kitini, akaanza kumtazama Seshagiri kama mwenye duka anavyomtazama mteja mwenye mifuko mipana.

Kwenye rada kulikuwa na wingu dogo, mbali, juu ya vilima.

"Na lile je?"

"Lile halina kitu, madam. Upepo unatoka baharini, unavuma kuelekea kwenye makazi yetu. Utalirudisha lilikotoka."

"Una hakika?"

"Puto tulilorusha alfajiri kupima upepo limesema hivyo, la pili likarudia." Akacheka. "Mimi leo hata mwavuli sikuja nao."

Anacheka! Vasundhara alijua wazi kwamba kila mtu mle ndani alitaka roketi iruke. Waziri alikwisha keti juu kwenye viti vya wageni, shada la maua shingoni. Mtu anaweza kubanwa aseme mbingu ni safi. Lakini nani atamdanganya mkewe juu ya achari?

Akamvuta nje ya mlango, asiwasikie mtu.

"Bwana Seshagiri, niambie kweli. Kuna mtu amekubana?"

"Anibane nani tena, madam?"

"Basi haya unayotuambia sisi, ndiyo hayohayo unayowaambia nyumbani kwako?"

Seshagiri alikunja uso, kama asiyeelewa swali limetokea wapi. "Nyumbani? Aa, kule ni habari nyingine, madam. Kule sisi huwa—"

"Yatosha."

Hilo ndilo alilotaka kulisikia. Aliingia ndani, akashika kipaza sauti. "Simamisheni kila kitu. Haturuki leo."

Mama mmoja, mhandisi wa chombo, akalaza kichwa mezani akalia kwa sauti kama aliyefiwa. Seshagiri alikuwa bado mlangoni.

"Kwa hali ya hewa gani, madam?"

"Ile unayotuficha."

Walinzi walimwomba Seshagiri akae chumba cha pembeni, na akaenda bila ubishi, simu yake mkononi. Adhuhuri ikafika, ikapita. Vasundhara alitoka nje akaitazama mbingu, akiiomba mvua kwa moyo wake wote. Jua lilikuwa linachoma. Hata lile wingu la vilimani lilikuwa limeyeyuka.

Hakuweza kukaa. Akamwambia dereva ampeleke kwenye makazi ya wafanyakazi, akajionee mwenyewe. Waliingia mtaa wa kwanza, akainua macho kwenye yale mapaa bapa ambako wanawake huanika vitu msimu mzima wa joto. Yote yalikuwa matupu. Si la Seshagiri peke yake, yote, mtaa hadi mtaa, hapakuonekana pilipili wala kipande cha embe.

Kumbe jamaa alikuwa ameuonya mji mzima! Hasira ikampanda upya, na pamoja nayo nafuu kubwa. Hakukosea. Walijua wote, akafichwa yeye.

Juu ya nyumba ya tatu alitokea mwanamke mnene, ungo kiunoni, akapaza sauti kwa majirani.

"Jamani, anikeni tu! Baba Lalita kapiga simu: roketi hairuki tena, leo hakuna moshi wa kutuharibia pilipili!"