Gauni na Pasi ya Mvuke

Febronia alisimama mbele ya gauni la arusi la binti yake, lililotundikwa mlangoni. Lilikuwa limetoka Dar es Salaam kwa treni, limeshindiliwa kwenye begi, na sasa lilikuwa mikunjo mitupu.

Mezani palikuwa na pasi mbili. Ya mkaa aliijua tangu utoto, na alijua cheche yake moja inavyotoboa kitambaa. Ile nyingine, ya umeme na yenye kutoa mvuke, aliiazima kwa jirani asubuhi hiyo. Hakuwa amewahi kuishika.

"Mama, kengele ya kwanza ya kanisa imeshalia," binti yake alisema, machozi yakimlengalenga.

Febronia akaisukuma kando ile ya mkaa. Akaiinua ya mvuke karibu na gauni bila kuligusa, akabonyeza kitufe.

Pasi ikakoroma, kisha ikapumua. Wingu jeupe likaifunika hariri, na mikunjo ikaanza kulegea yenyewe, mmoja baada ya mwingine, kama uso wa mtoto anayepitiwa na usingizi.

"Yesu na Maria!" Febronia alinong'ona.

Binti yake alikuwa amekwisha kunyoosha mikono juu.

"Nivalishe, mama. Nivalishe lingali na joto."