Majani ya Mparachichi

"Nani kawapa sungura majani ya mparachichi?" Mwajabu alifoka uani, mkononi kashika jani lililotafunwa nusu. Bandani, sungura mweupe wa binti yake alikuwa amekufa, amekauka kama ubao.

"Mimi nimewaletea mforosadi tu," alisema Sefu, mumewe, akimwonyesha fungu la majani.

"Usinifanye mjinga! Nimesema humu ndani mpaka sauti imenikauka: mforosadi ruhusa, mparachichi sumu. Lakini kwako wewe, jani ni jani!"

Akamnyang'anya fungu, akalipekua jani moja moja. Yote yalikuwa ya mforosadi. Akalibwaga chini, akalikanyaga. "Kwa hiyo hili limeshuka kutoka mbinguni?"

Ndani ya banda, sungura wa pili alisimama kwa miguu ya nyuma, akapenyeza mdomo kwenye wavu wa juu, akavuta jani. Juu ya wavu kulikuwa na matawi ambayo Mwajabu mwenyewe aliyakata jana kwenye mparachichi wa jirani, ili sungura wapate kivuli.

Mwajabu aliyarukia, akayang'oa yote kwa mpigo. Jua kali likammwagikia sungura mweupe.

"Sema basi!" alimfokea Sefu. "Si useme!"

Sefu akainama, akaanza kuokota majani ya mforosadi.