Mbegu Juu ya Moshi

Jirani aliyenunua shamba la Mzee Matola bado humletea mahindi ya kwanza kila msimu, kwa adabu tu. Jioni hiyo mzee alimchomea hindi moja binti yake Somoe, mwenye shahada ya hisabati tumizi iliyolipiwa na shamba hilohilo.

“Wewe ndiye msomi, mwanangu. Kwa mshahara wako wa ukarani, tutalinunua tena baada ya miaka mingapi?”

Somoe hakuhitaji kalamu. Thelathini na mmoja, bei isipopanda. Baba alikuwa na sabini na miwili.

“Si mingi, baba.”

“Nilijua.”

Mzee akachagua hindi lililokomaa zaidi, akalitundika juu ya moshi wa jiko, mahali walipokuwa wakihifadhi mbegu. Somoe aliendelea kutafuna. Hindi lilizunguka kidogo kwenye kamba, likatulia.