Kocha Alimaliza Bamia

Kocha Tolliver alibonyeza kengele, akaweka tai sawa, na mbwa hakubweka.

Lilikuwa jambo la kushangaza, maana mbwa huyo alikuwa amekwisha kuwararulia suruali makocha wawili waliotangulia. Huyu wa tatu mbwa alimnusa tu, akapiga mwayo, akarudi kulala.

"Umechelewa," alisema Bi Odessa mlangoni. "Wenzako waliwahi, tena na maua mkononi."

"Niwie radhi, Bi Odessa. Foleni ya magari."

"Foleni, mji huu? Futa viatu uingie."

Sharti lilikuwa la kijana mwenyewe, Marcellus, mrushaji hodari kuliko wote wa mpira wa Kimarekani katika shule za Alabama mwaka ule. Kocha yeyote wa chuo anayemtaka kwenye timu yake aje kama mgeni, apige kengele, ale atakachopakuliwa na ajibu maswali ya mama. Hakuna wa kupendelewa. Kesho asubuhi kofia za vyuo vitatu zingepangwa mezani katika ukumbi wa shule, naye angevaa ya chuo alichokichagua mbele ya watu wote, mambo yakaishia hapo.

Kwa Tolliver ilikuwa kufa na kupona. Misimu tisa alicheza mpira wa kulipwa, goti likamwangusha, akawa kocha mkuu wa Chuo cha Bellefort. Na mwaka ule timu yake ilifungwa hata na chuo cha wachungaji. Wakubwa wa Bellefort walimwambia kwa upole mwingi kwamba asipompata Marcellus, aanze kufunga virago.

Akaketi. Bi Odessa alimsukumia kigoda anyooshe lile goti, kisha akaanza kupakua. Kuku wa kukaanga alipita mbele ya pua ya kocha, akaenda kutua kwa Marcellus. Kwa kocha zilikuja bamia, za nyanya, zinazovutika kama gundi, kilima kizima.

Kila kocha anaijua sheria ya kazi hii: sahani ya mama wa mchezaji hairudi na kitu. Ukibakiza, umemkosa mtoto. Tolliver alishika kijiko, akafumba macho kidogo, akala.

"Kumbe unapenda bamia?" mama aliuliza.

"Tangu utotoni."

Marcellus alipaliwa na maji.

"Basi ongeza," alisema Bi Odessa, akamshushia upawa mwingine.

Kocha alivua pete aliyotuzwa kwa ubingwa enzi za kucheza, kubwa kama jicho la ng'ombe, akaiweka mezani kando ya kofia ya Bellefort aliyokuja nayo, mahali ambapo kijana hangeweza kukosa kuiona. Ndivyo wafanyavyo wenye nazo.

"Nzuri," alisema Marcellus, akiendelea na mfupa wake.

"Isogeze, itaingia mchuzi," alisema mama. "Hebu niambie, kocha. Yule wa kwanza alimwona mwanangu akicheza mara saba. Wa pili, mara tano. Wewe je?"

Tolliver alilitafuta jibu ndani ya bamia. "Mara mbili."

"Mbili!"

"Na ya pili niliondoka wakati wa mapumziko. Ijumaa za mechi huwa niko njiani, Bi Odessa, natazama vijana wa miji mingine."

"Na mkeo, anasemaje kuhusu kazi hii?"

"Mke wangu mvumilivu sana. Hajawahi kulalamika."

"Pengine hajakupata nyumbani alalamike."

Marcellus aliinamia sahani, mabega yakimtikisika.

Kocha aliona mambo yanamponyoka. Akakimbilia ile ahadi aliyokuwa amewapa akina mama wa majimbo sita, na ambayo haikuwahi kumwangusha hata siku moja. Aliweka mkono kifuani. "Mama, nipe kijana huyu. Nitamlea kama mwanangu wa kumzaa."

Bi Odessa aliweka upawa chini. Safari hii hakuwa na utani.

"Na huyo wa kumzaa, umemlea vipi?"

 Kocha alimtazama mama, akamtazama kijana. Maneno yote matamu ya kazi yake yalikuwa yamemkimbia, na lililobaki lilikuwa moja tu.

"Vibaya," alisema. "Watoto wa wenzangu nawajua hadi namba za viatu. Wangu, sijui."

"Mganga hajigangi," alisema Bi Odessa, lakini kwa sauti ya chini.

Marcellus aliisogeza sahani. Kicheko kilikuwa kimemwisha. "Kocha, unanitakia nini? Mkono huu tu?"

"Nilipopiga kengele, ndiyo, niliufuata mkono. Siwezi kukudanganya." Aliisogeza pete kando. "Lakini hata ukivunjika kesho, wewe njoo. Nataka nikuone kila siku. Nimechoka kusoma habari zako magazetini."

 Kijana akaunyoosha ule mkono uliogombewa na vyuo vitatu, akaichukua kofia ya Bellefort, akaijaribu kichwani. Ilimkaa vizuri.

"Kesho navaa hii," alisema.

Tolliver alikwangua bamia ya mwisho, akaimeza, akafuta machozi na kusingizia pilipili.

"Hongera, kocha," alisema Bi Odessa, akikusanya vyombo. "Sasa kaingize gari bandani, na pipa la taka ulipeleke barabarani. Wazoa taka wanapita alfajiri."

"Sawa, mke wangu."

"Na bamia zilizobaki, baba," aliuliza Marcellus, "nikufungie za kesho?"