Mkunga Mwenye Miiba

Tangu utotoni Nungunungu alitamani ukunga. Kima, aliyekuwa mkunga wa mwitu mzima, alimcheka: "Mwanakwetu, mwana utampokea kwa miiba?" Basi akaiacha ndoto yake, akawa mchimba viazi.

Siku moja Swala alishikwa na uchungu, Kima akaitwa. Fisi alinusa damu akaja, na Kima akakwea mti. Nungunungu, aliyekuwa akipita, alitupa viazi vyake, akamwelekezea Fisi mgongo. Fisi alikimbia na miiba mitatu puani, huku viganja laini vya Nungunungu vikimpokea mtoto.

Kima akashuka. "Nipishe, nikate kitovu."

Nungunungu hakupisha. "Kitovu hukatwa na aliyempokea mwana," alijibu, akakikata.

Viazi viliozea palepale, hakuvirudia tena.